Shahidi wa Kwetu

Iko siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku ya arusi yangu. Theluji ilikuwa ikianguka tangu alfajiri, ile ya kuanguka bila haraka, na kutoka dirishani mtaa wote wa Fisksätra, hapa Swideni, ulikuwa umenyamaza kama mtu aliyefunikwa shuka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti cha bibi mmoja, namchana nywele zake nyeupe zilizofika kiunoni, na chai ya tangawizi ilikuwa ikitoa mvuke jikoni. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kabla chai ile haijapoa nilikuwa nimesema uongo wa maneno mawili, na maneno hayo yaliwatenga marafiki wawili kwa miaka mingi kuliko umri wako.

Sikusoma sana. Nilimaliza darasa la saba, nikajifunza cherehani mwaka mmoja, nikaolewa, nikamfuata mume wangu huku alikokuja kusoma. Kwa hiyo usitafute humu maneno makubwa. Nitakueleza yaliyotokea, na nilipokosa nitasema nilikosa.

Naandika kwa sababu wiki tatu zilizopita tulimuaga mmoja wa marafiki hao. Nilimlilia jikoni kwangu peke yangu, maana si kila msiba una kiti cha kukukalisha mbele. Tena Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimwona binti mmoja akimsomea mama yake barua ya ofisini. Mama aliuliza maswali matatu kwa Kiswahili cha Bukavu, kwa uchungu. Binti akapiga simu ofisini, akauliza moja kwa Kiswidi, kisha akamwambia mama, "Wamesema sawa." Moyo wangu ulishtuka. Ninyi mnaowatafsiria wazazi wenu, maneno haya ni yenu.

Bibi yule tulimwita Biji, ndivyo Wapunjabi wanavyomwita mama mkubwa wa nyumba. Alikuwa Kalasinga wa Kisumu. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa mbao huko, mtengeneza milango na madawati, na walipohamia Swideni mtoto wao Kuldip alikuwa na miaka mitatu tu. Ugonjwa wa kusahau ulipomwingia Biji, lugha zilimtoka moja moja kama wageni wanaoaga. Kiswidi kilitangulia, Kiingereza kikafuata. Vikabaki Kipunjabi na Kiswahili, na siku nyingine Kipunjabi nacho kilitoka kutembea, akabaki na Kiswahili peke yake. Kuldip alikuwa amebakiwa na maneno kama matano ya Kiswahili, na mawili kati ya hayo ni "chai" na "pole pole." Basi ofisi ya hemtjänst, wale wanaohudumia wazee majumbani, ilipoona katika karatasi zangu kwamba natoka Kenya, ikanituma kwake.

Kila asubuhi aliniuliza, "Wewe nani?"

"Mimi Rebeka, Biji."

"Rebeka wa wapi?"

"Wa Kakamega."

"Ah! Kakamega mahindi yenu mzuri. Lakini watu yenu iko kelele sana."

Tukacheka. Kesho yake tukacheka tena upya, kwa kuwa hakukumbuka kwamba alishanitania jana. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni Kisumu, hakikujali ngeli, lakini kila neno lilijua lilipokuwa likienda.

Kuldip alinitendea kama dada yake. Baridi yangu ya kwanza alinikuta mlangoni na viatu vya kitambaa vilivyolowa. Kesho yake nilikuta viatu vya manyoya kwenye mkeka, saizi yangu kabisa. Nakuambia hili mapema ili ujue ni kwa nini ulimi wangu uliinama upande wake. Fadhila ni kitu kizuri, lakini usipoiangalia, inaweza kukaa kwenye kiti cha ukweli.

Mlango wa pili kutoka kwao aliishi Sohan, rafiki yake. Yeye alikuja moja kwa moja kutoka Punjabi, Kiswahili hakukijua. Kila Jumapili wawili hawa walipanda treni pamoja, wakavuka jiji hadi kwenye hekalu lao, wakapika dengu katika sufuria moja kubwa, mmoja akikoroga na mwingine akikatakata vitunguu. Kwao kila anayefika hekaluni hulishwa, awe nani, na wote huketi sakafuni ili pasiwe na aliye juu. Wanaume huitwa Singh na wanawake Kaur, jina la ukoo libaki mlangoni pamoja na viatu. Hayo ndiyo mafundisho yao, na ni mazuri. Lakini wewe na mimi tunawajua binadamu. Sisi nasi kanisani tunaimba kwamba sote ni ndugu, kisha posa inapokuja tunanong'onezana, "Kijana ni kabila gani?"

Mwaka ule hekalu lilipewa picha kubwa ya shahidi wao wa zamani, mmoja wa wale wa mwanzo waliouawa kwa kukataa kuikana imani yao. Jina lake sitalitaja, kwa sababu ubishi juu yake haujaisha duniani na sitaki kuuongezea kuni. Picha ilikuwa itundikwe kwenye ukumbi wa chakula, na chini yake liandikwe jina. Mtu mmoja akasema, kwa nini tusiandike na ukoo wake? Hapo ndipo mchanga ulipoingia kitumbua. Kuldip alikuwa wa ukoo wa mafundi wa mbao na chuma, naye alilelewa akijua kwamba shahidi yule alikuwa fundi wa damu. Sohan alikuwa wa ukoo wa wakulima, naye alilelewa akijua kwamba alikuwa mkulima wa damu. Kila mmoja alikuwa na kitabu chake.

Mwanzoni ilikuwa kicheko. Nilikuwa nimempeleka Biji siku hiyo kwa kiti cha magurudumu, nikawasikia wakitaniana kwa Kiswidi mbele ya picha.

"Tazama huo mkono," alisema Kuldip. "Huo ni mkono wa patasi."

"Patasi? Huo ni mkono wa jembe, bwana. Angekuwa fundi angeshika kikombe cha chai, anamwambia mteja njoo kesho."

Watu wakacheka mpaka wakashika matumbo. Jumapili iliyofuata walirudia utani uleule na waliocheka wakawa nusu. Jumapili ya tatu hakucheka mtu.

Wazee wa hekalu wakaona wamuulize Biji. Alikuwa mkubwa kuliko wote, na babu yake huko Punjabi alikuwa mwimbaji wa habari za mashahidi, aliyezunguka vijijini na ngoma ndogo. Biji alizimeza nyimbo zile kabla ya kujua kusoma. Wakasema, akisema yeye tutaandika, na asiyeridhika atameza.

Ndivyo tulivyofika siku ile ya theluji. Wakaja wanne: wazee wawili wa hekalu, na Kuldip, na Sohan. Wakaketi kwenye kochi wamebanana, vilemba vyao vinne vimepangika kama maua dirishani. Biji alifumba macho nikimchana. Mzee mmoja akamuuliza kwa Kipunjabi, taratibu, akitaja jina la shahidi. Akauliza tena. Treni ilipita kule chini bila sauti, kwa jinsi theluji ilivyokuwa nene, na nakumbuka niliona kama sote tumo ndani ya maji, hakuna anayegusa chini.

Kisha Biji akaushika mkono wangu uliokuwa na kitana. Kipunjabi kilikuwa kimetoka kutembea siku ile. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayekumbuka harufu fulani:

"Huyo alikuwa wa kwetu. Wote walikuwa wa kwetu."

Wanaume wanne wakanigeukia.

Kwetu! Neno hilo unalijua, mwanangu. Laweza kuwa nyumba ya baba, laweza kuwa kijiji, au nchi nzima, au watu wote wanaoomba kama unavyoomba. Anayelisema ndiye anayejua upana wake. Nami niliyasikia maneno ya pili vizuri sana, sikio langu lilikuwa juu ya kichwa chake. Lakini Kuldip alikuwa akinitazama kama mtu mwenye kiu anavyotazama bomba. Nikasema kwa Kiswidi, "Anasema alikuwa wa släkt yetu." Släkt ni ukoo, watu wa damu moja. Sikulitafuta neno jingine. Hilo ndilo lililokuja, nami nikaliacha lipite.

Hapo bado lilikuwa kosa tu, na kosa husameheka. Lakini Sohan hakuwa mjinga. Akainua kidole.

"Nimesikia 'kwetu' mara mbili. Mara ya pili amesema nini?"

Nami nikasema, "Amerudia tu."

Ndiyo hayo maneno mawili. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi sikujikwaa. Niliuona mguu wangu ukienda.

Kuldip aliinama akabusu miguu ya mama yake. Sohan alikunywa chai yake mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akavaa koti. Mlangoni Kuldip alimtania, "Usijali, ndugu yangu, tutawaruhusu wakulima waendelee kula." Zamani Sohan angemjibu papo hapo. Siku ile alisema tu, "Dengu zako zina chumvi nyingi siku hizi," akatoka. Mwezi huo fundi wa rangi aliandika chini ya picha jina la shahidi na jina la ukoo wa mafundi. Jumapili iliyofuata Kuldip alikoroga sufuria akiwa na mtu mwingine, na Sohan alianza kupanda treni ya mapema zaidi. Wanasema wapiganapo tembo nyasi huumia. Mimi nilikuwa nyasi, na nyasi ndiyo iliyowapiganisha tembo.

Yapata wiki tano zikapita. Asubuhi moja niliingia nikamkuta Biji ameketi wima, macho maangavu na safi kama dirisha lililofutwa. Hakuniuliza mimi ni nani. Akasema, "Rebeka, Sohan iko wapi? Mbona haji kunywa chai?"

Nikasema ana kazi nyingi.

"Mimi iko mzee, mimi si mtoto. Nini nafanyika?"

Nikaketi sakafuni nikamweleza. Nilitumaini, Mungu anisamehe, kwamba mchana atakuwa ameshasahau. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imetulia mapajani.

"Mimi nasema ukoo?"

"Hapana, Biji."

"Mimi nasema kwetu. Tena nasema wote. Hiyo 'wote' wewe napeleka wapi?"

Akatazama nje, ambapo theluji ilikuwa imeanza kudondoka kutoka kwenye mapaa. Kisha akasema maneno ambayo nimeishi nayo mpaka leo.

"Kule Punjabi, shahidi ni yule aliyekufa tu. Mimi nafika Kisumu, siku moja bwana yangu naitwa kotini, mtu ameiba mbao. Karani nasema, 'Shahidi aingie.' Mimi nashtuka, nalia, nafikiri wanamuua bwana yangu!" Alicheka kidogo, bila sauti. "Halafu bwana yangu nanieleza. Kiswahili, aliyekufa kwa kweli ni shahidi, na anayesimama kusema kweli ni shahidi. Neno moja. Mimi nafurahi sana na hii lugha yenu. Sasa tazama wewe. Yule mtu nakubali kukatwa, asiseme uongo. Wewe hawakukukata hata kucha."

Kisha akanipapasa kichwa, kwa kuwa nilikuwa nalia, akaniambia nichemshe chai, na niwaambie wote wawili. Nikaapa nitawaambia. Mchana wake hakunijua tena, akaniuliza, "Rebeka wa wapi?" Nami nikajibu wa Kakamega, na tukacheka, lakini mimi nilicheka na jiwe kifuani.

Hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, mwanangu, kubwa hata kuliko uongo. Nilingoja. Nilisema Jumapili hii wana wageni. Nilisema Jumapili ijayo Kuldip atakuwa ametulia. Niliogopa kupoteza kazi, lakini zaidi niliogopa uso wake. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Barafu ilipoanza kuvunjika kwenye ghuba kule chini, Biji alilala adhuhuri moja akiwa kitini, kitana kikiwa mikononi mwangu, na hakuamka.

Nilisema baada ya msiba, kwenye ukumbi wa chakula, mbele ya picha ile. Nilieleza yote: neno kwetu, neno släkt, neno wote, na yale maneno mawili niliyomjibu Sohan.

Kuldip alinitazama kwa muda mrefu. "Mama alipokuwa hai hukusema. Sasa hawezi kukujibu, ndiyo unasema. Sohan amekupa nini?"

Sohan akasimama. "Mimi sijampa kitu. Kwa hiyo, dada, alisema alikuwa wa wakulima?"

"Hapana, kaka. Hilo pia hakulisema."

Nikaona uso wake nao unafungwa. Nilikuwa nimewanyima wote wawili. Bibi mmoja aliyekuwa akisukuma chapati akasema kwa sauti, "Huyu Mwafrika peke yake ndiye hana ukoo humu, na ndiye aliyetuvuruga." Wengine wakacheka kicheko kikavu. Sikumkasirikia. Wazee waliamuru jina la ukoo lipakwe rangi, likabaki jina la shahidi peke yake. Lakini ukuta hupakwa rangi kwa siku moja. Kuldip na Sohan walisalimiana kwa mbali tangu siku hiyo, viganja vikikutana kifuani, kama watu waliosimama kingo mbili za mto. Kuldip hakuniita tena dada. Aliniita kwa jina langu, kwa adabu sana, na adabu ile iliniuma kuliko tusi.

Miaka ikaenda kama treni ile, huku tukiiona inapita tu. Nilimzika mume wangu. Wanangu walikua wakinijibu Kiswidi. Kisha majira haya ya baridi Kuldip aliugua na kufa, na mwanawe, aliyekuja kutoka Norsborg, ng'ambo ya jiji, akanipigia simu kwamba baba aliagiza nije.

Tulikuwa watatu katika chumba cha kuwaandalia marehemu: kijana, mimi, na Sohan, ambaye hakuna aliyemwita. Alikuwa amezeeka mno. Kuldip alikwisha kuoshwa na kuvishwa, kichwa tu ndicho kilichobaki wazi. Kilemba cha Kalasinga ni kitambaa cha mita kadhaa, na kabla hakijafungwa lazima kivutwe kikakunjwa. Kazi hiyo ni ya watu wawili, mmoja kila ncha. Kijana alishakata nywele tangu utotoni, hakuwahi kufunga kilemba; alishika ncha akakunja kinyume, Sohan akamnyang'anya taratibu. Akatazama huku na huku. Kisha akanipa mimi.

"Umewahi kukunja shuka?" akaniuliza.

"Maisha yangu yote, kaka."

"Basi vuta."

Nikavuta. Kitambaa cha samawati kikanyooka katikati yetu, na kila alipovuta nilimsikia kwenye vidole vyangu.

"Siku ile ukumbini ulisema kweli," alisema, bila kuniangalia. "Nilijua. Hata yeye alijua, nilimwona usoni. Nilimngoja aje mlangoni kwangu. Hatua kumi na mbili kutoka kwake hadi kwangu, nilizihesabu mara nyingi. Naye alikuwa akiningoja mimi."

Kijana akasema kwa Kiswidi, polepole, "Baba alikuwa akisema hivyohivyo. Kwamba ni zamu yako."

Sohan akafumba macho. Machozi yalimshuka hadi ndevuni, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yake ilishika kitambaa. "Usilegeze," akaniambia. "Ukilegeza, mikunjo haitakaa." Tukakunja. Kisha akamfunga rafiki yake kilemba, mzunguko kwa mzunguko, kwa ustadi wa mtu aliyefunga chake kila asubuhi tangu ujana. Alipomaliza alikaa akamtazama, akamrekebisha kidogo sikioni, akamrekebisha tena. Kilemba kilikuwa kizuri kabisa tangu mwanzo. Nadhani hakutaka tu mikono yake iondoke.

Je, waliniwia radhi? Sijui, na sitakudanganya. Najua tu kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba mimi ndiye niliyeinamisha mtungi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Unapoketi kati ya watu wawili ukabeba maneno ya mmoja kwenda kwa mwingine, yabebe yote, hata lile dogo, hata lile lisilomfurahisha mtu unayempenda. Usipojua upana wa neno, muulize mwenyewe angali hai: kwetu kupi, mama? Si aibu kuuliza. Ukikosea, rudi siku hiyohiyo, kabla aliyesema hajanyamazishwa na udongo au moto, kwa sababu kweli inayochelewa hufika imevaa nguo za uongo, na watu hawaifungulii. Ukijivunia babu aliyekufa kwa ajili ya haki, jivunie, lakini usimgeuze uzio. Huyo hakufa ili jirani yako ale peke yake. Na ukiwa na rafiki mliyekosana, usihesabu zamu. Nenda wewe, hata kama ni zamu yake.

Mungu akupe sikio lisilochagua na ulimi usiopunguza. Wazee wako wakuzungumzie wangali na pumzi, nawe uwaelewe. Akupe rafiki wa kukushikia ncha ya pili ya kila kitambaa kirefu, na akujalie umpatanishe aliye hai kabla hujamlilia aliyekufa. Amina, mwanangu.